Niliona Nyota Kwenye Mkeka wa Mama

Kosa ni langu. Naanza hapo ili nisije nikajificha nyuma ya mtu mwingine nikifika katikati. Msinitafutie sababu, wala msiniambie ni shetani. Shetani hana simu, mimi ninayo!

Jina langu silitaji. Wanaonijua watanitambua tu, na hao hawanisumbui. Wanaonisumbua ni wale ambao mpaka leo wananitumia ujumbe wakiniita mwalimu. Mwalimu wa nini? Laiti wangejua!

Mimi nauza mikeka, vikapu na makawa ya kufunikia chakula pembeni mwa barabara hapa Kerege. Kusuka sijui, na hilo nalo ni la aibu, lakini ndivyo. Msukaji ni mama yangu, ambaye wakati huo alikuwa akiishi Mkange na mdogo wangu Zuhura. Mama anasuka ukili, Zuhura anaushona uwe mkeka, mimi nauza. Tumeishi hivyo tangu baba afariki. Mkeka wa mama ulikuwa haufichiki: mistari myeusi na myekundu imenyooka kama imepigwa rula. Wateja walikuwa wakiuulizia wenyewe.

Basi siku moja Zuhura akaniletea mzigo, na ndani yake mkeka mmoja ulikuwa na vituko. Mistari ilianza vizuri, kisha ikakatika. Nyeusi ikaingia kwenye nyekundu. Mahali pakatokea kitu kama ndege mwenye shingo ndefu, pengine kama mwezi mchanga, pengine vidoa vimerundikana bila mpango. Nikauning'iniza hivyo hivyo, nikijua huo utakaa mpaka upauke.

Akasimama kijana mmoja wa chuo, anataka kikapu cha kumpelekea mama yake. Akautazama ule mkeka, akacheka.

"Mama, mbona huu unafanana na maandishi ya Kisiwa cha Pasaka?"

"Kisiwa gani hicho? Kiko upande wa Mafia?"

"Aa, mbali mama! Bahari nyingine kabisa, upande wa pili wa dunia."

Akanionyesha picha kwenye simu yake. Ubao wa zamani umechongwa safu kwa safu: vijitu, ndege, samaki, kasa, miezi midogo. Akaniambia wenyeji wa kisiwa kile walichonga mbao hizo zamani, na leo hakuna anayejua kuzisoma. Ubao mmoja tu, akasema, una sehemu ambayo wataalamu wanakubaliana kwamba inahesabu siku za mwezi, tangu mwandamo mpaka mwezi unapokufa. Alikuwa anapiga soga tu, maskini. Akachukua kikapu chake akaenda zake. Mimi nikabaki na moto.

Jioni ile mboga iliungua jikoni nami nimeshika simu. Nikasoma kwamba mbao zile husomwa kwa kugeuzwa: ukimaliza safu moja unaupindua ubao juu chini, ndipo unaanza safu ya pili. Moyo ukanipiga paa! Maana mama ndivyo anavyotaka mkeka wake ushonwe. Ukili mmoja mrefu, ukifika mwisho unakunjwa unarudishwa, kwa hiyo safu moja inakwenda na nyingine inarudi. Nikasema hapa pana jambo.

Nikasoma tena kwamba watu wa visiwa vya bahari ile walikuwa wakikingojea kikundi fulani cha nyota ndogo. Kikichomoza alfajiri, kwao mwaka umeanza. Kutazama picha, kumbe ni Kilimia! Kilimia chetu hiki, ambacho marehemu baba alikuwa akikitazama kabla ya kupanda! Nikaurudia mkeka, nikavihesabu vile vidoa vilivyorundikana, nikitaka viwe saba kama nyota zake. Havikutimia. Nikahesabu upya nikiongeza na kidoa kimoja kilichokuwa kimejitenga pembeni, vikatimia.

Na hivyo ndivyo nilivyoifanya kazi yote, nawaambia ukweli mtupu. Mwezi ukikosekana nilisema umefunikwa na mawingu. Ndege akizidi nilisema huyo ni mwezi wa nyongeza, ili mwaka ulingane na mvua. Alama iliyokataa niliilazimisha, na iliyokataa kabisa niliiacha nje ya picha. Mtu akinihoji nilimjibu kwa ukali, kama aliyenikanyaga.

Nikaanza kuandika kwenye ukurasa wangu, ule niliokuwa nikitangazia vikapu. Nikaandika kwamba mabibi zetu wa pwani walijua nyota, wakazificha kwenye ukili ili zisipotee. Nikaweka picha ya ubao upande huu na ya mkeka upande ule. Watu wakajaa! Mmoja akasema watu wa visiwa vile walipita Bagamoyo wakaoa kwetu. Mwingine akasema yeye mwenyewe ana sura ya huko. Sikuwakatalia. Ningewakatalia vipi nao wananisifu?

Kichwa kikavimba. Nilianza kuvaa miwani ya kusomea hata nikiwa sisomi. Astaghfirullah!

Zuhura akaja Kerege. Hakukaa, alisimama mbele ya mkeka na mkoba wake begani.

"Dada, huu ungeutoa hapa. Watu watasema mama kazi imemshinda."

"Imemshinda vipi? Hujui unachokitazama wewe."

"Natazama kasoro, dada. Na si kwenye huu tu. Siku hizi anachanganya rangi. Juzi kaikaribisha kanga iliyoanikwa kambani, 'karibu mwanangu, pita ndani,' akidhani ni mgeni. Mimi nataka akapimwe macho."

Jamani, hapo ndipo! Mtu kanitamkia, kwa Kiswahili ninachokijua, mama yetu haoni. Nikamwambia nini?

"Kasoro! Watu wazima na elimu zao wanaiita kalenda, wewe unaiita kasoro. Wivu tu huo, Zuhura."

Akanitazama. "Haya dada," akasema, akaondoka hata maji hakunywa.

Nikaenda Mkange mwenyewe kutafuta uthibitisho. Sikwenda kumtazama mama, nilikwenda kumhoji. Ulikuwa msimu ambao Kilimia huonekana mapema, mara tu baada ya Magharibi, na mbingu ilikuwa safi haina hata wingu. Nilimsalimu, akaitikia marahaba akiwa amegeukia mlango, mimi niko upande wa dirisha. Nikaona amechoka. Nikamwambia nikicheka kwamba amesuka nyota, watu wanamsifu mjini, nikamtoa uani.

"Mama, nionyeshe Kilimia."

Akainua mkono. "Kile pale."

"Pale hapana nyota, mama."

"Ipo. Tazama vizuri."

Nikatazama. Palikuwa patupu, giza tu juu ya paa la jirani, na Kilimia chenyewe kilikuwa kinawaka upande mwingine. Mtoto mwenye akili timamu angemshika mama yake mkono akamuuliza, mama vipi? Mimi nilirudi Kerege nikaandika kwamba wazee wetu walikuwa wakiitazama nyota ambayo sasa imezimika, na ni wachache tu waliobaki wanaojua mahali ilipokuwa. Nikasifiwa kuliko siku zote!

Mpaka hapo labda mngenisamehe, mngesema ni ujinga. Sasa sikilizeni lililobaki.

Madaktari wa macho walikuja Bagamoyo kupima watu bure. Zuhura akanipigia simu. Ameshapata usafiri wa kumtoa mama Mkange, anachotaka ni mimi nimpokee mjini nikae naye kwenye foleni, kwa kuwa yeye ana mtoto mchanga. Siku hiyo hiyo nilikuwa na ahadi na bwana mmoja kutoka Dar mwenye chaneli ya maajabu ya dunia. Alikuwa anakuja kumrekodi mama nyumbani kwake, akiwa anasuka.

"Mwambie huyo bwana aje siku nyingine," alisema Zuhura.

"Huyo ana shughuli zake, hawezi kungojeshwa. Madaktari watakuja tena."

"Na wasipokuja?"

"Watakuja. Mama haumwi, Zuhura. Uzee tu."

Akasema, "Dada, mimi nimeshasema." Akakata simu.

Yule bwana akaja Mkange na taa zake na vijiti vya kushikia kamera. Nilimvisha mama kanga mpya. Zuhura alijifungia jikoni na mtoto wake, hakutoka hata kusalimia. Mama akakalishwa kwenye jamvi, marundo ya ukindu, yale majani ya kusukia, kila upande. Kila rundo lilikuwa limefungwa kikamba chenye fundo, jingine fundo moja, jingine mawili. Nikayaona, na mdomo wangu huu haukungoja kuulizwa. Nikaieleza kamera kwamba hayo ni mafundo ya kuhesabia siku za mwezi, desturi ya kale. Hata kumuuliza mwenye mafundo sikumuuliza, naye amekaa mbele yangu!

Bwana akamuuliza mama, "Bibi, nani alikufundisha alama hizi?"

Mama akageuza uso kuifuata sauti. Akafikiri. Akasema, "Zilikuja zenyewe."

"Mmesikia!" akapiga kelele yule bwana. "Zilikuja zenyewe!" Tukapiga makofi. Mama akatabasamu, akainamia ukili wake, vidole vinakwenda kama kawaida.

Ile video ilienea kama moto wa nyasi. Watu wakataka mikeka ya nyota. Nikachukua oda mpaka zikanichanganya, nikanunua ukindu uliokwisha kutiwa rangi, nikaupakia, nikaenda Mkange mbio. Nikamwaga mzigo mbele ya mama.

"Mama, nataka kama ule. Ndege pale pale, mwezi pale pale, Kilimia pale pale."

Akashika ukindu, akaupapasa. Akashika mwingine. Akapapasa tena mwanzo mpaka mwisho, anatafuta kitu.

"Mbona huu hauna mafundo?"

"Mafundo ya nini?"

"Ya rangi, mwanangu. Fundo moja nyeusi, mawili nyekundu. Usipofungwa nitajuaje?"

Nikachukua ukindu mwekundu nikauweka mbele ya uso wake, karibu kabisa.

"Huu rangi gani, mama?"

Akauchukua mkononi mwangu taratibu, akauweka chini pamoja na ule mwingine. Zuhura alikuwa mlangoni na mwanawe begani. Yeye ndiye aliyekuwa akimfungia mama yale mafundo, kila wiki, na kikamba kikilegea kwenye rundo rangi zinachanganyika. Kusuka kwenyewe mama alikuwa hakosei. Vidole vyake vinasuka hata gizani. Ila rangi haishikiki kwa vidole! Na ule mkeka wa vituko aliusuka kabla mafundo hayajaanza: pale alipookota nyeusi akidhani nyekundu ndipo mimi nilipomwona ndege. Alipojistukia akarudi nyuma ndipo nilipouona mwezi. Na vile vidoa vyangu, kile Kilimia nilichokihesabu mpaka kikatimia, pale mama alikuwa amepotea kabisa, anaokota chochote mpaka aupate tena mstari.

Nikaanza kulia kama mtoto. "Mama kwa nini hukusema?"

"Nilitaka kusema. Nilijua mkeka ule umeharibika, nikamwambia Zuhura asikuletee, akasahau, akautia kwenye mzigo na mingine. Nikawa naona haya. Halafu wewe ukaja unacheka, unasema mama umesuka nyota, watu wanakusifu mjini. Nikasema alhamdulillahi, kumbe hata kuharibu kwangu kuna faida kwa mwanangu. Ningesema nini tena?"

"Na siku ile ya Kilimia?"

"Nilionyesha pale baba yenu alipozoea kunionyesha."

Jamani! Nilitamani ardhi inimeze.

Siku ya pili tulimpeleka hospitali, sote wawili, Zuhura na mimi. Madaktari wale wa bure walikuwa wameshaondoka zamani, tukahangaika mpaka tukapata mwingine. Nilikuwa naomba iwe mtoto wa jicho, maana nimesikia huo unatolewa mtu akaona. Daktari, binti mdogo mpole, akammulika mama muda mrefu, akampulizia upepo wa mashine machoni, akamtazama tena. Akatuita pembeni.

"Si mtoto wa jicho. Hii ni presha ya macho. La kulia limekwisha. La kushoto limebaki na kijia chembamba cha katikati. Kilichopotea hakirudi, mama zangu. Tutampa dawa ya matone tulinde hicho kilichobaki."

Nikamuuliza, kwa sauti ambayo hata sikuijua kuwa ni yangu, kama tungekuja mapema ingekuwaje.

"Siwezi kukwambia tungeokoa kiasi gani. Lakini ugonjwa huu haungoji. Kila mwezi mliochelewa umekula kidogo."

Zuhura alikuwa amekaa kwenye benchi. Alikuwa na haki ya kunirarua mbele za watu. Badala yake alifungua chupa ya maji akampa mama, akamfuta kidevu. Mpaka leo hajanisema, na mpaka leo tunaongea habari ya matone tu: umemtia? Nimemtia. Saa ngapi? Saa mbili. Basi. Nilikuwa na mdogo wangu tuliyekuwa tukicheka mpaka tunashika mbavu, sasa nina mtu wa kukumbushana dawa.

Mnadhani yaliishia hapo? Nikasema nitangaze ukweli. Nikaandika kwenye ukurasa wangu kwamba hakuna kalenda, hakuna nyota, ni mama yangu alikuwa akipofuka na mimi sikuona. Nikaandika kila kitu. Loo! Matusi niliyoyapata! Wakasema nimehongwa niukane urithi wetu. Wakasema wazungu wamenitisha. Mmoja akaniandikia kwa upole kabisa kwamba hata kama mama alikosea, mababu ndio waliouongoza mkono wake. Nikamjibu, aliyeuongoza ni ugonjwa! Akaniambia nina imani haba. Yule bwana wa chaneli nikampigia aitoe video, akasema watu wameipenda mno, labda tufanye sehemu ya pili ya bibi kipofu mwenye kuona nyota. Nilikaribia kuitupa simu barabarani.

Nakasirika mpaka kichwa kinauma, na ninayemkasirikia zaidi ni mimi. Kwa sababu maneno yao nayajua. Ni yangu. Mimi ndiye niliyewafundisha kwamba kasoro ikionekana isemwe ni siri, na jibu likikataa lilazimishwe. Sasa wananirudishia somo langu, na sina pa kuuweka uso.

Wale watu wa Kisiwa cha Pasaka hawakunikosea kitu. Mbao zao ni zao, na labda kweli ndani yake mna miezi yao na nyota zao, na iko siku atatokea mwenye subira atakayezisoma kwa haki. Kijana wa chuo naye hakunikosea, alikuwa anatania. Aliyechukua jambo la watu wa mbali akamfunikia nalo mama yake ni mimi.

Mama sasa yuko kwangu Kerege. Anasuka bado, ukili mweupe mtupu, usio na rangi, umekaza sawasawa na hauna kosa hata moja. Wateja wanaupenda. Mimi kila nikiutazama naitafuta ile mistari myeusi na myekundu.

Ule mkeka wa vituko niliuchukua nikautupa nyuma ya nyumba, na kiberiti mkononi. Mama akasikia ninavyouburuta. Akauliza ni nini, nikamwambia.

"Usiuchome," akasema. "Huo ndio wa mwisho niliousuka nikiona rangi. Kidogo, lakini nilikuwa naona."

Basi upo. Umekunjwa chini ya kitanda chake. Siuzi, wala simwonyeshi mtu, hata akija na kamera ya dhahabu.

Nanyi wenzangu mnaosoma hapa, mkiona kazi ya mikono ya mzazi wenu imebadilika, chapati imeungua upande mmoja, mshono umepinda, ukili umechanganya rangi, msikimbilie maajabu wala visiwa vya mbali. Kaeni karibu naye. Mshikeni mkono, mwulizeni anaonaje, na aliye karibu naye akiwaambia jambo, msikilizeni! Mimi nilimhoji mama kuhusu ndege, kuhusu mwezi, kuhusu Kilimia na miaka ya mababu, nikaandika mpaka vidole vikauma. Kuhusu macho yake sikumuuliza hata siku moja.